Edward Steere: Msomi wa Kigiriki aliyerudi kuwa mwanafunzi Unguja

Na Mwandishi Maalumu, Quionga

KIJANA mmoja niliyemfundisha hapa Quionga, wilayani Palma, aliniletea ujumbe wa simu hivi karibuni ambao umenikosesha usingizi. Kijana huyo yuko mwaka wa kwanza wa masomo ya thiolojia katika chuo kikuu kimoja nchini Tanzania. Alinieleza kuwa anataka kuacha masomo. Hakushindwa na ada, wala hakuugua. Kilichomshinda ni Kigiriki cha kale.

Kwa maelezo yake, kila wiki hupewa majedwali ya majina na vitenzi ya kukariri, na kila wiki hupewa aya ya kutafsiri. Neno moja hubadilika sura mara kumi, ishirini na zaidi. Wenzake wanasonga mbele, yeye amebaki nyuma. Tena anajiuliza lugha isiyo na mtu wa kuamkiana naye sokoni itamsaidia nini mtu wa kwetu, ambako tangu mashambulizi ya Palma ya Machi 2021 familia nyingi zimelazimika kuanza maisha upya.

Swali lake si la mzaha. Mimi mwenyewe sikusoma Kigiriki, na kwa dini mimi ni Mwislamu, kwa hiyo sina cha kumfundisha katika somo lake. Lakini nilikumbuka maisha ya mtu mmoja ambaye alikisoma Kigiriki hicho chuo kikuu akiwa kijana, akadhani amemaliza, kisha akaletwa pwani ya Afrika Mashariki na kulazimika kukaa chini tena kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mtu huyo ni Edward Steere, Mwingereza, mwanasheria aliyegeuka padri na baadaye askofu, aliyefariki dunia Unguja mwaka 1882. Wengi wanamfahamu kwa lile kanisa kubwa la Mkunazini. Wanaosoma lugha wanamfahamu kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Wachache wanamfahamu kama mwanafunzi, na huyo ndiye ninayetaka kumweleza leo.

Kigiriki kabla ya sheria

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma University College katika mji huohuo, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1847 akiwa na umri wa miaka 19. Akaendelea na sheria hadi kufikia udaktari mwaka 1850, na mwaka huohuo akapokewa rasmi kuwa wakili.

Katika Uingereza ya siku zile, kijana hakupata shahada ya namna hiyo bila Kilatini na Kigiriki. Haikujalisha kama alitaka kuwa wakili au mtumishi wa serikali. Lugha hizo mbili zilikuwa mlango, na kila mmoja alipita hapo.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona sarufi ya Kigiriki, ni vyema nieleze kidogo ili ajue ugumu wenyewe uko wapi. Katika lugha hiyo jina hubadilika mwisho wake kufuatana na kazi yake ndani ya sentensi. Likiwa la mtenda, lina mwisho wake. Likiwa la anayetendewa, lina mwisho mwingine, la mwenye mali mwingine, la anayepewa kitu mwingine, na la anayeitwa mwingine. Majina yana jinsia tatu. Mbali na umoja na wingi, ipo pia hesabu ya tatu, ya vitu viwili tu.

Kitenzi nacho kina mambo yake. Hubeba ndani yake mtenda, wakati na namna ya tendo. Kuna kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, na katikati yake ipo kauli ya tatu, ambayo mara nyingi huonyesha mtu anayetenda jambo kwa ajili yake mwenyewe. Mwanafunzi wa leo huanza na kitenzi luo, maana yake nafungua. Vitabu vya zamani, kwa karne nyingi, vilipenda kutumia kitenzi typto, maana yake napiga. Hivyo vizazi vingi vya wanafunzi wa Ulaya vilikariri napiga, unapiga, anapiga, kabla waandishi wa vitabu hawajageukia nafungua, unafungua, anafungua.

Baada ya majedwali huja kutafsiri. Kwa kuwa mwisho wa neno ndio unaoonyesha kazi yake, Mgiriki aliweza kuyapanga maneno karibu apendavyo. Mwanafunzi akisoma kwa kufuata mstari kama anavyosoma gazeti, hupotea. Lazima atafute kitenzi, amtafute mtenda wake, kisha ayarudishe maneno yaliyobaki kwa wenyewe, moja baada ya jingine. Kukisia hakumfikishi mbali.

Hiyo ndiyo mizigo aliyoibeba Steere kijana. Mwaka 1856 aliacha njia ya uwakili akaingia katika utumishi wa kanisa, na baadaye akawa padri wa kijiji katika jimbo la Lincolnshire. Yaelekea wakati huo hakuwaza kuwa Kigiriki chake kingekuja kufanya kazi Unguja.

Kutoka Morumbala hadi Unguja

Desemba 1857 msafiri David Livingstone alihutubia Cambridge na kuwataka wasomi waje Afrika. Kutokana na mwito huo ikaanzishwa misheni iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha UMCA. Vyuo vyenyewe vilikuwa Oxford na Cambridge, kisha vikaungana navyo Durham na Dublin. Steere hakutoka hata kimoja kati ya hivyo.

Askofu wa kwanza wa misheni hiyo, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa katika bonde la mto Shire Januari 1862. Aliyemrithi, William Tozer, alimwomba rafiki yake Steere afuatane naye. Mwaka 1863 waliingia kwa mto Zambezi, wakapiga kambi katika mlima Morumbala, ambao leo uko katika jimbo la Zambézia hapa kwetu Msumbiji. Kwa hiyo ardhi ya kwanza ya Afrika ambayo Steere alijaribu kuishi ilikuwa ya nchi yetu. Hawakudumu. Tozer aliona mahali pale hapafai kwa kazi yao, akaamua kuhama. Mwishoni mwa Agosti 1864 walifika Unguja.

Hapo ndipo masomo ya pili ya Steere yalipoanza. Alikuwa na umri wa miaka 36 na daktari wa sheria, lakini kwa lugha ya mji alikuwa mgeni, na watoto wa mtaani walimzidi.

Hali hiyo naielewa vizuri. Mama yangu alinivusha mto Ruvuma nikiwa mdogo wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, na shule yangu yote, ya msingi na sekondari, niliisoma kwa watu, wilayani Masasi. Amani ilipatikana mwaka 1992, nami nikabaki kumaliza masomo. Niliporejea nikiwa na miaka 20, katika ofisi moja nilielezwa kuwa vyeti vyangu havifai kitu maadamu sijui Kireno. Nikakaa dawati moja na watoto wa miaka 12, nikikariri vitenzi. Mtu anayejua mambo, kisha akarudishwa kuwa mjinga mbele ya watoto, hujua aibu hiyo ina uzito gani. Wengi huikimbia. Steere hakuikimbia, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa katika maisha yake.

Mkia wa neno na kichwa cha neno

Steere hakuwa mzungu wa kwanza kuandika juu ya Kiswahili. Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefanya kazi Mombasa kuanzia miaka ya 1840, alikuwa amekwisha kuchapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850. Steere alizitumia kazi za Krapf na kukiri deni hilo. Lakini Kiswahili cha Krapf kilikuwa cha Mombasa, na Steere alizungukwa na Kiunguja.

Walimu wake walikuwa wa aina nyingi. Sultani Majid aliwakabidhi wamisheni watoto wachache waliokuwa wamenaswa katika biashara ya watumwa, na idadi yao ikaendelea kukua. Watoto hao walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, na Kiswahili kwao pia kilikuwa lugha ya kujifunza. Steere aliwafundisha kusoma, nao wakamfundisha kusema. Alianzisha matbaa ndogo, na vijana wakajifunza kupanga herufi na kupiga chapa. Kila alichokiandika kilipita mikononi mwao kabla hakijatoka nje.

Tukumbuke sasa alikuja na nini kichwani. Alizoea lugha ambayo mambo yote yako mkiani mwa neno. Mtu wa aina hiyo akisikia mtu, watu, kitu, vitu, mti, miti, anaweza kutafuta mkiani asione kitu, kisha akasema lugha hii haina sarufi. Wako wageni waliosema hivyo juu ya lugha za Afrika. Wengine walilazimisha jedwali la Kilatini juu ya lugha ya watu, wakaandika mtu wa kutenda, mtu wa kutendwa, mtu wa kuitwa, ingawa neno lilibaki lilelile kila mahali.

Steere alitazama kichwani mwa neno. Katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, majina yamepangwa kufuata viambishi vyake vya mwanzo na namna yanavyotawala maneno mengine katika sentensi. Hizo ndizo ngeli tunazowafundisha watoto mpaka leo. Kila mwalimu anajua kuwa mtoto asiyeshika ngeli ataandika kitu imevunjika mpaka uzeeni.

Ni hapo ninapoona faida ya Kigiriki chake. Majedwali aliyoyakariri London hayakumsaidia Unguja, kwa sababu hayakuhusu. Kilichomsaidia ni tabia aliyoipata wakati wa kuyakariri: kuamini kuwa lugha ina mpango hata kama wewe huuoni, kukusanya mifano mingi kabla ya kutoa kanuni, kulinganisha, na kukubali kusahihishwa na neno lenyewe. Majedwali aliyaacha bandarini, akaingia mjini na tabia hiyo.

Sheikh na watoto

Kazi iliyomleta ilikuwa kutafsiri Biblia. Agano Jipya lote liliandikwa kwa Kigiriki, kwa hiyo safari hii masomo yake ya ujana yaliingia kazini moja kwa moja.

Mwanzoni alipata msaada wa mtu mzito. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Unguja, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili bora kabisa. Msomaji apime jambo hilo. Sheikh na padri, kila mmoja na dini yake, walikutana juu ya maneno. Hata hivyo Steere aliona kuwa Kiswahili cha Sheikh kilikuwa cha kisomi mno kwa kazi aliyoikusudia. Kilimfaa sana yeye mwenyewe kwa kujifunza, lakini mtoto aliyetolewa juzi katika jahazi la watumwa asingekielewa.

Hapa kuna somo la tafsiri ambalo halimo katika jedwali lolote. Kuijua lugha unayotoka nayo hakutoshi, na kuijua kwa ufasaha lugha unayokwenda nayo pia hakutoshi. Lazima umjue atakayesoma. Steere aliwashukuru na kuwataja kwa majina watu wengine wa mjini waliomsaidia, akiwamo Mohammed bin Khamis na Hamisi wa Kayi. Mwaka uleule wa 1870 alitoa pia kitabu cha hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa na watu wa Unguja, ili mgeni asome Kiswahili kama kinavyosemwa na wenyewe.

Matatizo ya kutafsiri yalikuwa mengi, na nitataja mawili. Katika Injili ya Marko sentensi nyingi za Kigiriki huanza na neno kai, yaani na. Mtu akiandika na, na, na kila mara, msikilizaji wa pwani atachoka mapema. Lakini Kiswahili kina -ka-, ambacho huvuta hadithi bila kuchosha: akaja, akaona, akaondoka. Mwenye sikio hutambua kuwa hicho ndicho chombo cha kazi hiyo.

La pili ni gumu zaidi. Injili ya Yohana huanza kwa kumtaja Kristo kwa jina la Neno. Katika Kigiriki logos ni jina la jinsia ya kiume, kwa hiyo kiwakilishi kimoja chaweza kufaa kwa neno na kwa mtu pia, na msomaji haambiwi achague. Kiswahili hakimruhusu mtafsiri kukwepa. Neno liko katika ngeli ya li-, mtu yuko katika ngeli ya a-. Je, lilikuwako au alikuwako? Kabla ya kuweka silabi moja mbele ya kitenzi, mtafsiri analazimika kuamua jambo zito la imani. Sarufi ya Kiswahili ilimuuliza Steere na wenzake swali ambalo Kigiriki kiliweza kulinyamazia.

Mwembe, Masasi na Kimakonde

Steere alirudi Uingereza mwaka 1868, akarejea Unguja mwaka 1872, na mwaka 1874 akawekwa kuwa askofu. Uaskofu haukumtoa katika lugha. Alikusanya maneno ya Kishambala, Kinyamwezi na Kiyao, na mwaka 1876 matbaa ya Unguja ilitoa kijitabu chake juu ya Kimakonde. Kwa sisi wa Cabo Delgado kijitabu hicho kina uzito wake, maana wakati huo hakukuwa na mambo mengi ya Kimakonde yaliyochapishwa.

Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi, akavuka Ruvuma, mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mtawala maarufu wa Wayao na mfanyabiashara mkubwa wa watumwa. Mahali hapo leo ni katika jimbo la Niassa, nchini kwetu. Mwaka uliofuata aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru, kiasi cha watu 50 hivi, kutoka Unguja kurudi upande wa makwao. Walipofika Masasi waliona mahali panafaa, wakakaa. Wengi wao walikuwa wamepelekwa pwani wakiwa wadogo. Sasa walikuwa wanarudi wakiwa watu wazima, wakisema Kiswahili.

Miaka zaidi ya 100 baadaye mimi nilifika Masasi hiyohiyo kama mtoto mkimbizi. Jina la Steere nililisikia huko, kwa mwalimu wa Kiswahili aliyetueleza ngeli zilivyoandikwa. Wakati ule sikujua kuwa mji ulionihifadhi ulianza kama makazi ya watu waliorudi.

Kanisa juu ya soko

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Misheni ikapata kiwanja hicho, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo. Steere mwenyewe alikuwa msimamizi. Paa alilitaka la zege lililochanganywa na matumbawe, lenye umbo la kuba refu lisilo na nguzo katikati, na wapo walioamini kuwa litaanguka. Halikuanguka. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877. Wageni wanaotembezwa humo huonyeshwa nguzo fupi zilizosimamishwa miguu juu, na husimuliwa kuwa mafundi walikosea wakati askofu akiwa safarini.

Hadi mwaka 1882 Agano Jipya lilikuwa limekwisha kutafsiriwa, na sehemu za Agano la Kale zilikuwa mezani. Mwaka huo alikwenda Uingereza. Agosti alirejea Unguja, na siku chache baadaye akafariki dunia ghafla, akiwa na miaka 54. Alizikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, baada ya wenzake kumalizia alipoachia.

Mavuno na deni

Mavuno ya kazi yake hayakuishia kanisani. Arthur Madan, aliyemfuata katika misheni, alikirekebisha kitabu chake cha sarufi na kutoa kamusi mwaka 1894 na 1903. Kamusi hizo zikawa msingi wa ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo vizazi vya walimu viliitegemea. Huku kwetu Msumbiji, Yohana Abdallah, Myao aliyesomeshwa Kiungani, Unguja, akawa padri huko Unangu, Niassa, na akaandika historia ya watu wake kwa Kiyao, kitabu cha Chiikala cha Wayao kilichochapishwa Zomba mwaka 1919. Mwanafunzi wa misheni akawa mwandishi wa mambo ya kwao kwa lugha ya kwao.

Lakini haki inataka tuseme na upande wa pili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu vya Steere na Madan vilikuwa sehemu ya nguvu iliyokibeba. Kimvita chenye washairi wake kikabaki nyuma. Kimwani cha Ibo na Kiswahili cha kwetu Quionga havikuwa hata mezani. Mtoto wa hapa akifika shuleni hukuta Kireno kimekaa kiti cha mbele, na akivuka Ruvuma hukuta Kiswahili sanifu kinamsahihisha. Aliyeandika sarufi hakuwa na nia hiyo, lakini sarufi ikishaandikwa huwa na nguvu ya kuwaambia wengine kuwa wanakosea.

Kwa hiyo simwelezi Steere kama mtakatifu. Namweleza kama mwanafunzi mzuri, kwa sababu kijana wangu alihitaji mfano wa mwanafunzi.

Nilichomjibu

Jambo la kwanza nililomjibu ni kwamba Kigiriki si mgeni kwake kama anavyodhani. Akishika kalamu, ameshika neno la Kigiriki, kalamos, lililopita Kiarabuni. Akifungua karatasi, amefungua khartes. Akitaja kanuni ametaja kanon, na bibi yake akiwasha fanusi amewasha phanos. Injili, askofu na falsafa vimepita njia hiyohiyo. Hata ile Prason aliyoiandika Mgiriki Ptolemaio wa Aleksandria katika karne ya pili, rasi ya mbali kabisa aliyoisikia katika pwani hii, wataalamu wengi wameilinganisha na Rasi ya Delgado, hapa jirani.

La pili lilikuwa la kazi. Kutokana na maelezo yake niligundua kuwa anasoma Kigiriki kwa kupitia Kiingereza. Anaona luo, anaandika kwa Kiingereza maneno mawili, kisha anayageuza kuwa Kiswahili, na moyoni anayawaza kwa Kimakonde. Anapita nyumba tatu za watu kufika chumbani kwake. Lakini luo ni neno moja, na nafungua ni neno moja. Mtenda yumo ndani, na tendo limo ndani. Kiingereza hakina hilo, sisi tunalo. Tena sisi tuna funga, fungua, fungia, fungana, fungika na funguliwa, na kila mtoto anazitumia kabla hajajua kusoma. Mtu aliyelelewa na vitenzi vya namna hiyo hana sababu ya kuogopa kauli tatu za Kigiriki.

Nikampa zoezi. Nilimtaka achukue aya fupi ya wiki hii, asipitie Kiingereza, aitafsiri moja kwa moja kwa Kimakonde cha mama yake, kisha amsomee mama kwa simu. Mama akiuliza neno fulani lina maana gani, hapo ndipo penye kosa, arudi kwenye jedwali. Steere alifanya hivyo na watoto wa Unguja, na Zaburi za Sheikh zilimfundisha kwa nini.

Siku nne zilipita bila jibu. Jana jioni simu iliita, na aliyepiga hakuwa kijana bali mama yake. Aliniuliza, baada ya salamu, ni masomo gani haya ambayo mwanawe anampigia usiku na kumuuliza kama kufungua kamba na kumfungua mtu katika Kimakonde chao ni neno moja au mawili. Nikamwambia mama kuwa hayo ndiyo masomo yenyewe, na kwamba amjibu vizuri, kwa sababu chuoni hakuna profesa anayelijua jibu hilo kuliko yeye.